Maua ya Bermeja Hayapandwi kwa Kukisia

Mtu akikukosea kwa ubaya unajua la kufanya: unamfungia mlango, au unampa vidonge vyake, yakaisha. Kazi ni pale mtu anapokukosea kwa wema. Mwalimu Otilia Zárate alirudi kwake Rioverde, mji mdogo wa bondeni, baada ya Krismasi, akitoka kwa binti yake Monterrey, akafungua kitalu chake nyuma ya nyumba na kusimama mlangoni, mkoba bado begani. Alijua papo hapo kwamba kuna mtu amemtendea wema mkubwa mno.

Kila kitu kilikuwa safi kupita kiasi. Plastiki ya paa ilikuwa mpya, meza zimefutwa, vyungu vimepangwa mstari kama wanafunzi siku ya ukaguzi. Na ndani ya kila chungu, kuuzunguka mmea wa katikati, palikuwa na duara la majani madogo yaliyochomekwa mchangani kwa nafasi sawasawa, utadhani mishono ya kitambaa cha meza.

"Comadre!" Sauti ya doña Brígida ilimfikia kutoka uani. "Umeona? Sema basi umeona!"

Brígida alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Otilia ndiye aliyemshika mwanawe siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo wanaitana comadre, undugu ambao pale bondeni haukatiki hata mkitupiana sufuria. Yeye ndiye aliyeachiwa ufunguo na kazi ya kumwagilia.

"Upepo wa kaskazini ulikuja, mama wee!" alisema Brígida, mikono hewani. "Uling'oa paa, ukapindua meza zote. Vyungu chini, mimea imeng'oka, vibao vimetawanyika, majani kila pembe. Nililia, Mungu ananiona. Nikasema, Otilia akirudi akakuta hivi, tunamzika. Basi nikapiga magoti nikaokota jani moja moja. Si wewe uliyeniambia kila jani likidondoka linaota?"

"Mimi ndiye."

"Basi! Nimeyapanda yote. Halijapotea hata moja."

"Umeyapanda kwenye vyungu gani, Brígida?"

"Popote palipokuwa na nafasi. Kwani si yote ni maua ya jabali?"

Otilia aliweka mkoba chini taratibu. Alitaka kupiga kelele mpaka machungwa ya bonde zima yadondoke.

Maana maua ya jabali si maua ya kumpelekea mchumba. Yanaota kwenye mawe yanayotiririka maji, na majani yake yana ulimbo, yanateleza kama vidole vilivyotoka kushika siagi. Usubi akitua, hatoki. Jani linamla polepole mpaka abaki ngozi. Wakati wa baridi mmea unajikunja ukawa kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati, majani yake mafupi, manene na mepesi kukatika, ukiyapumulia tu yanadondoka. Na katika hali hiyo, jamani, aina tatu alizokuwa nazo Otilia zilifanana mpaka inatia hasira. Kulikuwa na la Los Otates, la Agua Prieta na la Bermeja. Rangi ile ile, umbo lile lile, ulimbo ule ule. Wapo wanaojidai kuzitambua kwa kuangalia tu, hao waongo. Ukweli uko nyuma ya ua. Kila ua lina kijimkia kwa nyuma: la Los Otates kirefu, kimenyooka, la Agua Prieta kirefu vilevile ila koo la ua ni jeupe tupu, la Bermeja ni kifupi, kimepinda kwenda chini kama ndoana. Bila ua, hata malaika hajui.

Los Otates na Agua Prieta ni makorongo yaliyo mbali, na maua yake yamejaa huko tele. Bermeja ni jabali lililo juu ya mji wenyewe, na huko hakuna tena. Kampuni ya chokaa ililipasua kwa baruti, ikachukua ilichotaka, ikaondoka. Kabla ya baruti Otilia alikwea huko akabandua konzi moja ya mimea. Kwa hiyo ua la Bermeja, kama lilikuwa bado hai duniani, lilikuwa juu ya meza hizi. Na sasa hakuna aliyejua liko chungu kipi.

"Comadre, mbona kimya?" Uso wa Brígida ulianza kunywea. "Nimekosea?"

Otilia aliitazama mikono ya Brígida, iliyokwaruzwa na changarawe. Miaka yote mwanamke huyu hakumnyima kitu.

"Uchovu wa safari tu," alisema. "Asante, comadre. Umehangaika."

Alipobaki peke yake alifanya wanachofanya wakulima wote wa maua hayo pale bondeni. Kwao hakuna kubahatisha. Shaka ikiingia, kibao cha jina kinang'olewa na kuchomekwa kichwa chini, jina likafukiwa mchangani. Mmea wenye kibao kilichopinduliwa hauuzwi, haubadilishwi, haupewi hata mama mzazi. Hautoki mlangoni mpaka uchanue, ujitaje wenyewe. Otilia alipindua vibao vyote, kimoja baada ya kingine. Alilia mpaka alipomaliza, kisha akaenda kuoga.

Haikupita muda akaja Nicanor, mtoto wake wa ubatizo, mwana wa Brígida, ambaye alimwita Mama sawa na aliyemzaa. Alikuwa na kazi manispaa, viatu vinang'aa, simu haitoki mkononi. Alimbusu Otilia shavuni, akamwinua na kumzungusha hewani.

"Mama, kaa nikupe habari! Sikukuu ya Bikira wa Candelaria tunapanda upya jabali la Bermeja. Katibu wa mazingira wa jimbo anakuja mwenyewe. Bendi, padre, bango lenye picha ya ua, kila kitu. Nipe trei mbili tu."

"Hupati hata chungu kimoja."

Nicanor alicheka, akidhani ni utani.

"Vibao vimepinduliwa," alisema Otilia. "Huna macho?"

"Ninayo. Vipindue virudi, basi."

"Ng'o."

"Yanachanua lini?"

"Aprili. Yakichelewa, Mei."

"Candelaria ni Februari!"

"Basi mwambie Bikira atusubiri kidogo."

"Mama, usinifanyie hivi." Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Nimeshatoa neno. Katibu ameshaambiwa. Nani atajua tofauti? Hata wewe mwenyewe hujui!"

"Hapo umesema kweli. Sijui. Ndiyo maana sitasema najua."

"Ni maua tu!"

"Nicanor, nisikilize. Pale juu bado kuna nyufa zinazotoa maji. Huenda mmoja wa kwetu amebaki humo, amejificha. Ukimpelekea wageni wa Los Otates, nyuki watachanganya chavua, na baada ya misimu michache aliye wa kwetu hayupo tena. Tena tutakuwa tumemuua kwa sherehe. Ukimlaza mgeni kitandani ukamwita mwenye nyumba, mwenye nyumba akirudi atalala wapi?"

Nicanor alishika kichwa. "Lakini wewe! Wewe ambaye ukimkuta mtu kagusa chungu unamfukuza na fagio! Umechanganyaje?"

Kupitia ukuta Otilia alimsikia Brígida akiimba jikoni kwake.

"Nimezeeka," alisema. "Mkono uliteleza."

Basi hilo ndilo lililotoka nje, na mji mdogo haulali na jambo tumboni. Mwalimu kachanganya mimea kwa uzembe wake, na sasa anajifanya mkali ili asionekane mjinga. Kwenye foleni ya mikate ya tortilla walimwandama.

"Mwalimu, maua yako yamekumbuka majina yao?" alimchokoza muuza nyama mmoja, na watu wakaangua kicheko.

"Bado," alijibu Otilia. "Lakini yana nafuu. Wewe nilikufundisha miaka mitatu na la kwako mpaka leo huwezi kuliandika."

Walicheka tena, ila safari hii kidogo. Ndani ya moyo iliuma. Wengi wa wale aliwafundisha kusoma, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama ana sababu.

Siku ya Candelaria ilifika. Brígida ndiye aliyeangukiwa na kisanamu cha mtoto ndani ya mkate wa Wafalme Watatu, kwa hiyo kwa desturi kuupikia mtaa mzima tamales za unga wa mahindi kulikuwa juu yake, na tangu alfajiri alikuwa amezama katika mvuke na maganda ya mahindi. Otilia alipita kumsalimu, akaonjeshwa moja yenye pilipili nyekundu, akaenda kitaluni kutazama mimea yake.

Meza ya mbele ilikuwa tupu. Trei mbili hazipo.

Hakuhitaji kuuliza. Ufunguo wa pili ulikaa kwenye msumari jikoni kwa Brígida, na Brígida ana mwana mmoja tu. Otilia alivaa kofia, akafunga kamba za viatu mara mbili, akashika njia ya jabali. Magoti yalimlaumu njia nzima. Liwalo na liwe, alijiambia, lakini haliwi mimi nikiwa nimekaa.

Juu walikuwa wameshakusanyika. Bendi ya matarumbeta, padre na ndoo yake ya maji ya baraka, bango kubwa lenye picha ya ua lisilo la Bermeja hata kidogo, na katibu wa mazingira amevaa buti ambazo hazijawahi kukanyaga tope. Trei zilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Vibao vyote vimesimama, kila kimoja kimeandikwa upya: Bermeja, Bermeja, Bermeja. Mwandiko wa Nicanor.

Otilia alipenya katikati ya watu, akafika mezani, akasimama mbele ya trei akiipa mgongo milima.

"Hakuna kinachopandwa hapa leo," alisema.

Tarumbeta moja liliendelea peke yake kidogo, kisha likaona aibu likanyamaza.

"Mama," alinong'ona Nicanor, "tafadhali."

"Mimea hii haijulikani ni ipi. Vibao hivi vinasema uongo. Nimeyalea maua ya jabali hili tangu baruti, na nasema mbele ya padre: sijui kama humu limo hata moja la kwetu."

Watu walianza kuguna. "Shuka, Mwalimu! Si uliharibu mwenyewe?" "Tuache tule sikukuu!" "Mzembe wee, unataka na sisi tuaibike!"

Katibu aliinua mkono, akatabasamu kama mtu anayempoza mtoto. "Mwalimu, kwa heshima zote. Kama hata mtaalamu hawezi kuiona tofauti, tofauti hiyo ina maana gani?"

"Una watoto, bwana Katibu?"

"Ninao wawili."

"Siku aliyozaliwa wa kwanza, nesi angekuletea wa jirani aliyefanana naye, ungesema tofauti ina maana gani? Au ungesubiri mpaka ajulikane?"

Kuna waliocheka, wakajizuia. Katibu hakucheka. Otilia alivigeukia vyungu. Aling'oa kibao cha kwanza, akakipindua, akakichomeka kichwa chini. Akashika cha pili. Nicanor akamshika mkono. Hakumshika kwa nguvu.

"Kazi yangu, Mama. Nakuomba."

Hilo lilimchoma kuliko matusi yote. Alimtazama kijana ambaye yeye mwenyewe alimpakata akiwa na kichwa kidogo kama chungwa, akilia kwa baridi ya maji ya ubatizo.

"Nakupenda, Nicanor," alisema. "Hapana."

Alijitoa mkononi mwake, akapindua kibao kingine.

"Mzembe!" mtu alipiga kelele tena kutoka nyuma. "Bibi mzembe!"

"Funga mdomo wako wewe!"

Wote waligeuka. Brígida alikuwa anapanda, aproni imejaa unga wa mahindi, anahema kama ng'ombe wa kulima, kijiko cha mbao bado mkononi. Alikuwa ameuona msumari hauna ufunguo, na kwa mayowe yale akaelewa ni mimea gani iliyochanganyika na ni nani aliyeichanganya.

"Mzembe ni mimi!" alisema. "Mnasikia? Upepo uliangusha vyungu yeye hayupo, na mimi, kwa akili zangu hizi, nikapanda kila jani popote. Nilidhani namsaidia. Mwalimu hakugusa kitu!" Kisha alimgeukia Otilia, macho yamejaa. "Kumbe ulijua. Kote huko unatukanwa, unajua, na umenyamaza."

"Ulifanya kwa wema, comadre."

"Wema gani huu! Wema wa kukufanya kichekesho cha wauza nyama?" Alifuta pua kwa mkono wa nguo, akamtazama mwanawe, na Nicanor akainamisha kichwa. "Na wewe, mwizi wa funguo, tutaonana nyumbani. Nipishe."

Alikwenda kwenye trei ya pili, akaanza kupindua vibao. Wanawake wawili wazee, juu ya jabali lililobomolewa, wakafanya kazi yao mpaka kikaisha cha mwisho. Katibu alipanda gari akaondoka bila kuonja tamal hata moja. Otilia na Brígida walibeba trei zao kuteremka, na hakuna aliyewapokea mzigo.

Nicanor hakufukuzwa kazi. Alihamishiwa ofisi ya makaburi, ambayo ni namna ya manispaa ya kukufukuza huku ikikulipa.

Aprili maua yalianza kufunguka. Otilia alivaa miwani yake ya kushonea, akakigeuza kila kikonyo kwa kibano na kutazama nyuma. Mkia mrefu. Mkia mrefu. Koo jeupe. Mkia mrefu. Trei zile mbili zilizotaka kupandwa na kubarikiwa zilichanua zote, na hamkuwa na la Bermeja hata moja. Habari ilifika mjini, na muuza nyama alipomwona alijitia kuhesabu mifupa.

Mnadhani Otilia alifurahi? Hakufurahi. Kuwa sahihi ni kitu kizuri pale ambapo hakijakugharimu kile ulichokuwa unakipigania. Meza zilikuwa zinajaa maua ya zambarau, mazuri kwelikweli, na kila lililofunguka lilikuwa mgeni.

Brígida alikuja kila asubuhi na gordita mbili, vile vimkate vinene vya mahindi, zilizofungwa kwenye kitambaa. Hakuthubutu kuingia, alisimama mlangoni akisoma uso wa mwenzake.

"Nimeliua, comadre," alisema siku moja. "Sema tu. Nimeliua."

"Bado kuna vyungu ambavyo havijachanua."

"Vingapi?"

"Kula gordita yako."

Mei ilikuwa inaelekea kwisha, vyungu vilivyobaki ni vya kuhesabika kwa mkono mmoja, na Otilia alikuwa ameanza kuamka asubuhi bila hamu ya kwenda kitaluni. Siku hiyo alienda kwa sababu tu ya kumwagilia. Chungu cha pembeni, ambacho jina lililofukiwa mchangani lilikuwa Los Otates, kilikuwa na ua moja dogo. Aliligeuza kwa kibano. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Brígida! Njoo ndani."

"Mimi? Humo?"

"Njoo, nasema! Tazama nyuma yake. Unaona nini?"

Brígida aliinama, mikono ameifunga mgongoni asije akagusa kitu. Alitazama muda mrefu.

"Kifupi," alisema kwa sauti ndogo. "Kimepinda. Kama ndoana."

Otilia alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Walishikana mikono, wakalia wote wawili bila aibu yoyote, mpaka gordita zikapoa.

Mambo kama hayo hayafichiki. Siku ya tatu lango liligongwa, na Otilia, akiwa kitaluni ameshika kibano, akasikia sauti ya Nicanor kupitia plastiki.

"Mama, bwana Katibu amepiga simu. Amesikia. Anataka ua lipandwe Jumapili, anakuja na wapiga picha. Amesema nikilipeleka ananirudisha ofisini kwangu."

Otilia alijiinua aende kujibu. Mwingine alimtangulia.

"Limo moja," alisema Brígida langoni. "Moja duniani. Linatolewa majani kwanza, majani yaote, yakue, yachanue, yatazamwe mkia. Halafu ndiyo jabali. Mwambie arudi mwaka wa kesho kutwa."

"Mama, yeye hawezi kusubiri mwaka—"

"Basi asisubiri. Mwenye mbegu moja haipeleki shambani ikapigwe picha."

"Nitabaki makaburini maisha yangu yote!"

"Utabaki. Na sisi wote tutahamia huko, hutakosa wenyeji. Ingia ule."

Kisha simu ya Nicanor ikalia. Ililia kwa muda.

"Haloo," alisema Nicanor hatimaye. "Ndiyo, bwana Katibu. Nipo langoni hapa." Alikohoa. "Hapana."

"Sijasikia," alisema mama yake.

"Hapana, bwana Katibu!" Nicanor alipaza sauti mpaka mbwa wa jirani akabweka. "Haliji Jumapili! Haliji mpaka Mwalimu aseme!"

Otilia alikuwa amesikia vizuri tangu mara ya kwanza. Aliinamia chungu, akashika jani la nje kabisa kwa ncha ya kibano, akalibandua taratibu.